Aliyepima arudishe nguo

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto watano. Kazi hii nimeifanya miaka 26, kwanza barazani kwa mama mkwe, sasa katika chumba changu chenye mashine mbili kwenye mteremko unaoshuka kutoka sokoni. Sijazoea kuandika magazetini. Naomba unipe nafasi kwa sababu ya kipimo cha kiuno.

Mwezi uliopita walipita kwetu vijana watatu wenye makoti meupe. Walibeba mizani, mashine ya tansio, yaani shinikizo la damu, na sanduku la barafu la kuwekea damu. Walisema wanafanya utafiti juu ya unene, moyo na ugonjwa wa sukari. Ni mara ya tatu ndani ya miaka 6 mtaa wetu kupimwa, na mara zote tatu nimekubali. Nimeweka sahihi kwenye karatasi ya Kifaransa niliyosomewa mbiombio, nimepandisha mkono wa libaya, nimetoa damu chupa mbili, nimepokea kipande cha sabuni na kikaratasi chenye namba. Namba ya mara ya kwanza ninayo hadi leo ndani ya kopo la vifungo: 0417. Nikamwuliza kijana aliyekuwa akinipima, "Mwanangu, damu ya 0417 ilisema nini?" Akanijibu kwa adabu, "Mama, ile ilikuwa timu nyingine."

Sikumkasirikia. Yule ametumwa. Lakini katika kazi yetu, ukishamzungushia mtu mita kifuani na kiunoni ukaandika, una deni lake. Amekuonyesha mwili wake, amekuachia kitambaa chake, na siku mliyopatana atakuja kudai nguo. Fundi anayepima watu halafu haonekani tena mtaani ana jina lake, na jina hilo si zuri.

Nina daftari 11. Kila mteja ana ukurasa wake, na kila anapokuja naongeza mstari: tarehe, shingo, mabega, kifua, kiuno, makalio, urefu. Wako akina mama niliowapima tangu wakiwa maharusi hadi sasa wanaozesha binti zao. Mpwa wangu anayesomea udaktari alipozifungua daftari hizo mara ya kwanza alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia, "Mama mdogo, watu wanatafuta fedha nyingi ili wapate kitu kama hiki." Ndiye aliyenisaidia kuelewa mengi ninayoyaandika hapa, na kila neno la kitabibu amelipitia mwenyewe.

Nianze na jinsi ya kupima, kwa sababu hapo nina haki ya kusema. Kijana yule alimpima jirani yangu juu ya kitenge. Kitenge kilichozungushwa mara mbili na kufungwa fundo kinaongeza sentimita 3 au 4. Nimeharibu sketi za kutosha nilipokuwa najifunza hadi kulijua hilo. Nikamwambia, naye akafungua kabrasha lake, akanionyesha mchoro. Kumbe kiuno cha nguo na kiuno cha hospitali ni viwili. Mimi napima pale mwili unapobana. Wao, kwa maelekezo ya Shirika la Afya Duniani, wanatakiwa kupima katikati ya ubavu wa mwisho na juu ya mfupa wa nyonga, mtu amesimama miguu pamoja, mikono imeshuka, mita iko sawa na sakafu, na kipimo kinasomwa anapomaliza kutoa pumzi ya kawaida. Hakuna kubana tumbo. Jirani yangu alikuwa amelibana, kama wanavyofanya wote wakiona mita. Ukiwa fundi unamsemesha kidogo, unamwuliza habari za watoto, tumbo linashuka lenyewe, ndipo unasoma. Na mita yao ilikuwa ya kitambaa, ya siku nyingi. Mita za namna hiyo hunyooka, na mita iliyonyooka humfanya mtu aonekane mwembamba kuliko alivyo. Yangu naibadilisha kila mwaka, na kila Jumatatu nailinganisha na rula ya chuma.

Sentimita 3 zina uzito, Bwana Mhariri, kwa sababu kwenye karatasi yao kuna mpaka. Mwanamke akivuka 80, mwanaume akivuka 94, anahesabiwa kuwa na mafuta ya tumboni yanayotishia moyo. Mafuta yale ya ndani, yanayozunguka ini na matumbo, ndiyo mabaya zaidi. Ya makalio na mapaja hayana ukali huo. Lakini namba 80 na 94 zimetoka wapi? Mwaka 2005 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilizipitisha kwa ajili ya watu wa Ulaya, na kuhusu sisi wa kusini mwa Sahara wakaandika kwamba tutumie hizo za Ulaya mpaka zetu zipatikane. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, tunasema. Mwaka 2018 watafiti walikusanya vipimo vya Waafrika zaidi ya 24,000, wakakuta mpaka unaofaa ni karibu sentimita 81, kwa wanawake na kwa wanaume sawasawa. Tazama maana yake. Baba mwenye kiuno cha 88, ambaye karatasi ya Ulaya inamwambia nenda zako, huenda tayari yuko hatarini. Nina akina baba wengi wa 88 katika daftari zangu, nawashonea suruali, na hakuna hata mmoja anayejiona mnene.

Hata namba hiyo ya 81 haijamaliza neno, maana huko Afrika Kusini tafiti za wanawake zimetoa mpaka wa juu zaidi. Na mradi mkubwa uitwao AWI-Gen ulipima watu karibu 12,000, wengi wa miaka 40 hadi 60, huko Ghana, Burkina Faso, Kenya na Afrika Kusini. Kongo haimo. Kwa hiyo vijana wanaokuja Kadutu na mita wana kazi ya maana sana, na ndiyo sababu nakubali kila mara, na ndiyo sababu inaniuma kazi hiyo ikifanywa juu ya kitenge na isirudi.

Hapa kwetu mwili unasomwa kwa macho. Mtu akinenepa tunamwambia, "Umenona, bwana anakutunza." Akikonda, tunanyamaza mbele yake na kusema nyuma yake. Desturi hii ina sababu yake. Sisi tuliokuwa wasichana miaka ya 1990 tuliona Sida, yaani Ukimwi, ikipita nyumba kwa nyumba, ikiwakausha watu tuliowapenda, na vita vikaja juu yake, na njaa. Unene ukawa habari njema. Wateja wangu huniambia, "Niachie nafasi, fundi, bado naongezeka," na hulisema kwa furaha. Ukimwambia mama kama huyo apunguze kilo, anaona unamtakia maneno ya majirani. Watafiti wanaotoka nje hawalijui jambo hili, wanadhani ni ujinga wa chakula. Ni kumbukumbu ya msiba.

Yuko mteja wangu mmoja, nitamwita Mama wa Ijumaa, ameniruhusu nimtaje hivyo. Anakunywa dawa za kuzuia virusi vya Sida. Mwaka 2017 kiuno chake kilikuwa 74 na nguo zilimwanguka. Alipofika 84 tulishangilia, nikamshonea gauni la shukrani la kanisani bila malipo. Mwaka jana nilisoma 101. Hakuna aliyemwambia kitu, mimi nikiwa wa kwanza kunyamaza, hadi kichwa kilipomuuma wiki nzima na mashine ya tansio ikatoa 17 kwa 10, yaani 170 kwa 100. Kumbe haya yamechunguzwa. Utafiti uliofanyiwa Johannesburg na kutangazwa 2019 ulionyesha kwamba waliopewa vidonge vyenye dolutegraviri waliongezeka uzito kuliko waliopewa dawa ya zamani, na wanawake ndio walioongezeka zaidi. Dawa ni nzuri, inamwokoa, wala asithubutu mtu kuiacha kwa kusoma barua yangu! Lakini anayeishi na virusi, hata virusi vikiwa vimelala, hatari yake ya moyo inakaribia mara mbili ya mwingine. Na mwaka 2023 ulitoka utafiti mwingine wa watu 7,769 wenye virusi katika nchi 12, Uganda ikiwemo: waliopewa kidonge kimoja cha kushusha mafuta ya damu, pitavastatini, walipatwa na mashambulio ya moyo na kiharusi pungufu kwa asilimia 35. Uganda ni jirani. Mtu wa Bukavu angelijua hili angalau angemwuliza muganga wake. Mama wa Ijumaa alilisikia kwangu, kwenye kiti cha kusubiri, huku nikimfungulia mishono.

Sasa nifike kwa mdogo wangu, maana yeye ndiye aliyenishikisha kalamu.

Ni mdogo wangu wa tumbo moja, ana miaka 47, alikuwa anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, karibu na bandari. Ukurasa wake uko katika daftari la 9. Krismasi ya 2020: shingo 34, kiuno 88. Pasaka ya 2022: shingo 36, kiuno 79. Agosti 2022: shingo 37, kiuno 72. Nilikuwa na vipimo vyote viwili kwenye ukurasa mmoja, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kimoja kinapanda na kingine kinashuka, na sikuona. Nilipunguza gauni pande zote mbili, nikaongeza kola kwa kipande cha kitenge kilichobaki. Nilidhani mara ya kwanza nilikosea kukata.

Alikuwa anakula. Hilo lilitushangaza sote. Sahani mbili za bugali na sombe, na usiku anaamka kutafuta mkate. Bado anakonda. Alitoka jasho katika mji huu wa baridi, alitupa blanketi, hakulala. Mikono ilitetemeka akihesabu pesa. Alikuwa mpole, akawa anagombana na wateja kwa faranga 500. Usiku aliniita, "Dada, weka mkono hapa," na moyo ulikuwa unapiga kama ngoma ya harusi. Macho yake yalitoka kidogo, watu wakasema ni macho ya njaa. Mnajua wengine walisema nini. Wanunuzi wakaanza kupita mbele ya meza yake bila kusimama, kwa sababu waliogopa samaki walioguswa na mikono ile.

Alipimwa virusi vya Sida mara tatu, mara tatu hakuna kitu. Alipimwa makohozi mara mbili, hakuna kitu. Lakini kwa kuwa alikonda, alitoka jasho usiku na alikuwa na kikohozi kidogo, kwenye kituo kimoja wakaamua ni kifua kikuu, wakamwanzishia dozi ya miezi 6. Sitakitaja kituo hicho. Waliokuwa pale walifanya walichofundishwa: mtu mwembamba anayetoka jasho hapa Kivu ni Sida au ni kifua kikuu, au ni vyote viwili pamoja, na mara nyingi kweli ndivyo ilivyo, maana magonjwa hayo mawili yanaandamana. Hata sukari inaingia humo: mwenye kisukari anapata kifua kikuu mara mbili hadi tatu zaidi ya mwingine. Jambo lililokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza, je, kuna ugonjwa wa tatu unaofanana na haya yote?

Mwezi wa tano wa dozi, asubuhi, alianguka jikoni. Mdomo ukavutwa upande mmoja, mkono wa kulia ukalala, maneno yakapotea.

Hospitalini tulimkuta dokta mmoja, mwanamke, kijana sana. Alishika mkono ule mzima, akasikiliza mshipa kwa dakika nzima huku akitazama saa: mapigo zaidi ya 130, na hayakufuatana, yalirukaruka. Akamwambia anyoshe vidole, akalaza karatasi juu yake, na karatasi ikatetemeka. Akampa maji. Alipomeza, kitu kikapanda na kushuka shingoni, chini kidogo ya pale ninapowekea kifungo cha juu. Dokta akanitazama mimi, si yeye, akauliza, "Mama, nyinyi ni watu wa wapi?" Nikajibu, "Kisiwa cha Idjwi. Kaskazini." Akatikisa kichwa, akaandika TSH.

TSH ni amri inayotoka kwenye ubongo kwenda kwa tezi ya shingoni, tiroidi. Tezi ikiwa mvivu, amri inapanda, ubongo unapiga kelele. Mtu wa namna hiyo hunenepa, huona baridi, moyo huenda polepole na mafuta ya damu huongezeka. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi, ubongo unanyamaza na TSH inashuka. Ya mdogo wangu ilikuwa imeshuka hadi mashine haikuweza kuisoma. Tezi yake ilikuwa inaunguza mwili kama jiko lililoachwa wazi, na moyo uliokimbizwa miaka miwili ulipoteza mpangilio wake. Vyumba vya juu vya moyo vikitetemeka badala ya kupiga, damu inatuama humo na kuganda, na bonge likitoka linakwenda kichwani. Mwenye moyo wa namna hiyo hatari yake ya kiharusi ni karibu mara 5. Hivyo ndivyo ugonjwa wa shingo ulivyouchukua mkono wa mdogo wangu. Tulilipa kipimo kile dola 25. Dawa za kifua kikuu alikuwa amezimeza miezi mitano.

Sasa nisikilizeni, watu wa Idjwi, na ninyi watafiti. Bibi yetu alikuwa na rovu, uvimbe wa tezi ya shingoni, lililoning'inia kama kibuyu, na wanawake wengi wa kijiji chake vilevile. Marehemu mama alitusimulia kuhusu madokta waliokuja kwa mashua wakitoka ng'ambo, Lwiro, wakishika watu shingo, wakitoa damu na mkojo, wakidunga sindano za mafuta. Tulidhani ni hadithi za wazee. Ni kweli tupu. Lwiro palikuwa na taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, na katika miaka ya 1960 madokta wake pamoja na wenzao wa Brussels waliifanya Idjwi kuwa mahali pa kuchunguza rovu. Waliona ajabu moja: iodini ilikosekana kisiwa kizima, lakini rovu lilijaa kaskazini, kusini-magharibi lilikuwa haba. Kukosa iodini peke yake hakukutosha kueleza. Wakatafuta hadi wakafika kwenye muhogo. Muhogo usiolowekwa vizuri unaacha sumu ambayo mwili unaigeuza kuwa kitu kinachozuia tezi kushika ile iodini kidogo iliyopo. Ugunduzi huo wa Idjwi ulisafiri dunia nzima, wanafunzi wa udaktari wa nchi za mbali wanausoma. Bugali wetu wa muhogo, shingo za bibi zetu! Na mimi niliyezaliwa pale niliujua nikiwa na miaka 51, kwenye benchi la hospitali.

Kuna zaidi. Chumvi yenye iodini ilipoingia, marovu yalipungua, watoto waliokolewa na udumavu wa akili, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Tafadhali msome pole pole hapa: asiache mtu chumvi hiyo. Lakini tezi iliyokaa na njaa miaka mingi huota vinundu vinavyojifunza kufanya kazi bila kungoja amri, na iodini ikija kwa wingi ghafla, vinundu hivyo vinazalisha bila kipimo. Mwaka 1996, katika jarida la Lancet la London, madokta waliandika juu ya jambo hilohilo, na waliandika juu ya Kivu. Kivu yetu, kwa jina. Mdogo wangu alipoanza dozi ya kifua kikuu, jambo hilo lilikuwa limeshaandikwa miaka 26. Lilikaa London kwa Kiingereza muda uleule niliokaa mimi kwenye cherehani.

Hapo ndipo deni lilipo. Mwaka 1964, huko Helsinki, madokta wa dunia waliandika azimio la jinsi ya kufanya utafiti kwa binadamu, na katika toleo la 2013 wakasema wazi kwamba kila aliyefanyiwa utafiti apewe nafasi ya kuelezwa matokeo yake ya jumla. Mpwa wangu alinisomea sentensi hiyo mara mbili. Sikuomba fadhila basi nilipomwuliza yule kijana habari za 0417.

Ninachoomba si kikubwa. Timu ikija, iseme siku ya kupima na iseme siku ya kurudi, na siku hiyo ya pili iandikwe kwenye karatasi ile ile tunayotia sahihi. Karatasi yenyewe iwe kwa Kiswahili, na kwa Mashi au Kihavu inapofaa. Matokeo yasomwe mahali watu walipo: sokoni, kanisani, redioni. Mtu aliyepimwa tansio aondoke na namba yake mkononi. Safari hii mashine ilinitolea mimi 15 kwa 9, kijana akasema, "Mama, uende hospitali," akaenda nyumba ya pili. Bila karatasi, bila jina la kituo. Nilikwenda kwa sababu nina mpwa. Wangapi mtaani kwetu hawana mpwa? Na tansio haiumi, ndiyo ubaya wake.

Na wale wanaochunguza moyo, sukari, virusi na kifua kikuu hapa Kivu, nawasihi waongeze shingo. Wameshatoa damu, chupa iko mkononi. Mtu amekonda ilhali anakula, moyo unakimbia, makohozi ni safi, damu ni safi: mwambieni anyoshe vidole, mpeni maji ameze, shikeni shingo. Dakika mbili hazifiki. Halafu ndipo dola 25, na kama mradi una fedha za sabuni za mtaa mzima, sidhani utashindwa kuwapimia TSH wale wachache walioonyesha dalili hizo.

Najua mji huu umepita katika mambo mazito tangu Februari 2025. Benki zilifungwa, watu wengi wamepoteza kazi, wengine wamepoteza watu. Mtu anaweza kuniambia huu si wakati wa kudai matokeo ya kiuno. Lakini watafiti walikuja kabla na wamekuja hata sasa. Njia waliyojia ipo, warudi nayo.

Mdogo wangu anaendelea. Anakunywa karbimazoli ya kutuliza tezi na dawa ya kutuliza mapigo na ile ya kuzuia damu kuganda. Dokta amemwonya kwamba akipata homa na koo kuuma akimbie kupimwa damu, maana karbimazoli mara chache huweza kuua askari wa mwili. Kiuno kimerudi 84. Sura yake tunaitambua. Zamani jioni alikuwa anakuja kunisaidia kupinda mapindo na kushona vifungo, mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Sasa anakaa kwenye kiti kilekile, nami namtungia uzi kwenye sindano, anajaribu kwa mkono wa kushoto.

Jambo la mwisho, Bwana Mhariri. Mpwa wangu anasema daftari zangu zinaweza kuwafaa watafiti, hasa kurasa zenye shingo na kiuno cha mtu mmoja kwa miaka mingi. Mimi sikusema ndiyo wala hapana. Zile si namba zangu, ni miili ya watu waliovua shali mbele yangu wakiniamini. Nimeanza kuwauliza mmoja mmoja wanapokuja: ukurasa wako usomwe, bila jina, au usisomwe? Hadi jana nimewauliza 31. Waliokubali ni 27. Wanne wamekataa, na kurasa zao nimezibandika kwa gundi mbele ya macho yao. Wote 27 wameuliza swali moja, watarudi lini kutuambia. Kwa hiyo timu itakayozitaka ije na tarehe, nitaiandika kwenye jalada la daftari la 1, nao watie sahihi chini yake.

Wako,
Mama fundi wa mteremkoni,
Kadutu, Bukavu